Akili na Moyo katika Kichwamaji

Imezoeleka kumhakiki Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, kama msomi aliyeangamizwa na kufikiri kupindukia. Usomaji huo, ambao kwa hakika unaegemea mno udhanaishi, hupita haraka juu ya suala la Sabina. Manase anapomtia mimba Rukia, dada yake Kazimoto, Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Azimio hilo lina sura ya hoja: dada kwa dada. Hata hivyo, kiini chake ni hasira. Akili imetumwa tu kuipangia njia. Isitoshe, kinachouvunja mpango huo si hoja iliyo bora zaidi bali ni mapenzi, kwani Kazimoto anamwoa yule yule aliyekusudia kumharibu. Hapa hisia ndiyo iliyoamua kwa busara. Lakini msimulizi haufanyi uamuzi huo kuwa msingi wa fikra zake juu ya maisha. Mashaka yake yanaendelea kana kwamba ndoa haikumfunza lolote. Kwa hiyo, kujiua kwake hakuthibitishi kwamba alifikiri kupita kiasi. Kunaonyesha zaidi kwamba hakuwahi kuufikiria moyo wake mwenyewe.