Kosa la Asilimia 0.4

Ripoti ya International Rescue Committee (IRC) ya Januari 2008 wengi wenu mnaikumbuka kwa namba moja, milioni 5.4, watu waliokufa Kongo kupita kiasi cha kawaida tangu Agosti 1998. Inayonikera mimi ni nyingine, ile iliyojificha kwenye jedwali la visababishi: vifo vya jeuri, asilimia 0.4. Haikukosewa kuhesabiwa. Ilikosewa kupangwa, na waliopanga walikuwa na kila sababu ya kujua.

Sampuli sina ugomvi nayo: kaya 14,000, zoni za afya 35, Januari 2006 hadi Aprili 2007, kazi safi.

Turudi pale jedwali lilipozaliwa. Mhoji anaingia uani, anauliza nani amefariki na kilichomuua ni nini. Ndugu wanajibu: homa. Kalamu inatia alama kwenye homa na malaria. Kuhara kuna mstari wake, uzazi una wake, na risasi au panga huenda kwenye jeuri. Marehemu mmoja, alama moja. Uamuzi ninaoulalamikia ni huo: jeuri ilipangwa safu moja na malaria kama ugonjwa mwenzake, kwamba aliyekufa kwa hiki hakufa kwa kile.

Lipelekeni jedwali hilo Fizi, Kivu Kusini. Familia inakimbia mapigano upande wa Lulenge, inalala porini bila chandarua, inashuka hadi Baraka. Mtoto anafikishwa hospitali damu imekwisha, anafariki. Malaria. Mjamzito wa milimani anashikwa na uchungu siku ambayo wenye bunduki wamefunga njia. Uzazi. Mkimbizi wa ndani aliyepanga kando ya ziwa anakunywa maji ya Tanganyika yasiyotiwa dawa, anaharisha usiku kucha, asubuhi hayupo. Kuhara. Wote watatu wameingia kwenye zile asilimia 99.6. Hakuna mstari uliosema uongo, na bado msomaji wa Kinshasa au Geneva atatoka hapo akidhani shida ya Fizi ni mbu na maji machafu, apelekewe vyandarua na klorini basi.

Mtaniambia maandishi yanayolizunguka jedwali yanaeleza wazi kwamba vita ndivyo vilivyobomoa huduma. Ni kweli, yanaeleza. Lakini maandishi hayanakiliwi. Kinachonakiliwa ni jedwali, na likishatoka kwenye ripoti yake halina tena wa kulisemea.

Wala IRC hawakuwa wageni wa jambo hili. Utafiti wao wa 2004, ulioongozwa na Benjamin Coghlan na kuchapishwa katika jarida la Lancet Januari 2006, ulipita kaya 19,500. Humo walifanya hesabu ambayo mpaka leo sijaona bora yake kwa Kongo: walipima uhusiano kati ya jeuri na vifo vya kila aina, wakaona kwamba athari za jeuri zikiondolewa, vifo vyote kwa jumla vingeshuka karibu na kiwango cha kawaida. Vifo vyote, malaria na kuhara vikiwemo! Ukishakuwa na matokeo kama hayo mkononi, unarudije uwanjani na fomu yenye alama moja kwa kila marehemu?

Hapa nitaurudia wimbo wangu wa kiwango cha msingi, na wasomaji wa zamani wanivumilie. Mwaka 2010 kundi la Human Security Report, chini ya Andrew Mack, liliishambulia IRC kwa kuwa ilitumia wastani wa Afrika kusini mwa Sahara, vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, kama kipimo cha Kongo isiyo na vita. Waliweka 2.0 mahali pa 1.5, na ile sehemu ya milioni 5.4 iliyotoka kwenye tafiti za baadaye za IRC, milioni 2.8, ikaporomoka chini ya milioni moja. Walikuwa na hoja. Nchi aliyoiacha Mobutu haikuwa ya wastani. Ila ugomvi wote huo ulitokana na jedwali lilelile. Usipoandika mazingira ya kila kifo, njia pekee ya kuwajua wafu wa vita ni kutoa: chukua vifo vyote, toa vile vya kawaida, kilichobaki ni vita. Halafu anayeamua "kawaida" ni ipi ndiye anayeamua vita viliua wangapi. Kama kila kaya ingeulizwa mazingira hayo, hesabu ingejengwa kutoka chini, kifo kwa kifo, na Mack angekosa pa kushika.

Wa zamani walilijua hili. William Farr, mtakwimu wa ofisi ya usajili ya Uingereza, mwaka 1839 alihesabu watu 63 kuwa wameuawa na njaa, kisha akaongeza kwamba njaa huua wengi zaidi kwa kupitia magonjwa. Edwin Chadwick, aliyesimamia sheria ya maskini, alikasirika: njaa kwenye takwimu ilimhusu yeye. Farr hakuwafuta wale 63. Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya ziwa, mradi wa AMMP wa Wizara ya Afya ya Tanzania ulianza mwaka 1992 kufuatilia vifo Hai, Morogoro na Dar es Salaam: jamaa wanasimulia ugonjwa ulivyokwenda, madaktari wanasoma masimulizi na kuamua sababu. Huko "homa" haikuachwa iwe jibu la mwisho.

Kuna watakaojikinga kwa orodha ya kimataifa ya magonjwa, ile iliyoanzia kwa Bertillon mwaka 1893. Toleo la kumi lina Y36 kwa mapigano ya vita na X53 kwa kukosa chakula, kwa hiyo viti vipo. Kweli, kanuni ya sababu ya msingi husimama kwenye ugonjwa au jeraha lililoanzisha mnyororo, na mtoto wa Lulenge kwa kanuni hiyo ni wa malaria. Sawa. Sijaomba kanuni ivunjwe.

Kinyongo changu kingine ni cha utafiti wa kaya wenyewe, hata sampuli ikiwa safi. Makobola, humohumo Fizi, kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, waliuawa zaidi ya 800, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010. Kaya iliyomalizwa yote haina wa kumjibu mhoji. Iliyovuka ziwa ikaishia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, haimo kwenye sampuli ya Kongo, na wanaofia kambini huandikwa huko.

Hilo fomu haiwezi kulitibu; jedwali inaweza. Dodoso la WHO la 2016 la kuwahoji jamaa wa marehemu tayari linauliza kama usafiri wa gari ulitumika, na kama kufika kituoni kulichukua zaidi ya saa mbili. Kwa utafiti ujao wa Kivu Kusini naongeza mawili: marehemu alikuwa amekimbia makwao? Njia ya kwenda hospitali ilikuwa imefungwa kwa silaha? Ndiyo au hapana, katika safu ya pembeni, na alama ya malaria ibaki palepale ilipo.