Mkimbizi Asiyeweza Kukimbia: Uhakiki wa Dhana ya Ufikivu katika Michezo ya Video, kwa Kuitazama kutoka Base Camp, Nakivale

Nomino mkimbizi inatokana na kitenzi kimbia. Lugha imempa mtu huyu jina kwa kuitazama miguu yake. Hata hivyo, katika makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambayo leo yanahifadhi Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo katika Wilaya ya Isingiro, wamo watu ambao hawakukimbia hata hatua moja. Wapo waliobebwa mgongoni na wapo walioongozwa kwa mkono kwa sababu hawaoni. Makala haya yanaanza na watu hao kwa kuwa mchezo wa video unaotajwa mara nyingi pale ukimbizi na teknolojia vinapojadiliwa pamoja katika eneo letu ni mchezo wa kukimbia.

Mchezo huo ni Salaam, uliobuniwa na Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na mwaka 2018 Mayen alitunukiwa heshima katika tuzo za The Game Awards. Kama ulivyotangazwa, mchezaji anashika nafasi ya mkimbizi anayeikimbia vita, na anapoishiwa nguvu hununua maji, chakula au dawa kwa fedha halisi ambazo zinakusudiwa kuwafaa wakimbizi wa kweli. Wazo hilo limesifiwa, na linastahili sifa. Linamtoa mkimbizi katika nafasi ya picha ya bango na kumpa mchezaji wa mbali sababu ya kumhangaikia.

Lakini utanzu wa mchezo wa kukimbia una sheria zake, nazo ni kali. Vikwazo huja mfululizo, kidole sharti kiwahi, na anayechelewa kidogo huanguka. Utanzu huu hupima jicho na kidole kabla ya kupima jambo lingine lolote. Mtoto wa Base Camp ambaye mkono wake hautulii, au ambaye jicho lake halitofautishi rangi nyekundu na kijani, hushindwa kabla hadithi haijaanza. Hapa ndipo penye udhaifu wa kisanaa, nao unazidi dosari ya kiufundi: hadithi ya watu walionusurika inasimuliwa kwa umbo linalowaruhusu wenye kasi tu kunusurika. Wabunifu wa kwingineko hupunguza mwendo, huruhusu mchezo mzima kuchezwa kwa kitufe kimoja, au humwacha mchezaji aruke kikwazo kilichomshinda. Mchezo wa ukimbizi ungeweza kwenda mbali zaidi na kumweka mhusika anayebebwa, ili mwendo wa polepole uwe sehemu ya hadithi yenyewe. Nafasi hiyo ya ubunifu bado iko wazi.

Kipimo kinachotumiwa sana katika mjadala wa kimataifa ni The Last of Us Part II, mchezo wa mwaka 2020 uliotoka na mipangilio zaidi ya 60 kwa wenye mahitaji ya kuona, kusikia na kutumia viungo. Miongoni mwa mipangilio hiyo kuna sauti inayosoma maandishi, rangi zilizokolezwa ili wahusika waonekane wazi, na milio inayomwelekeza asiyeona. Wachezaji vipofu waliumaliza. Maendeleo ya namna hii yalisukumwa pia na sheria: nchini Marekani, muda wa msamaha uliokuwa umezipa programu za michezo nafuu ya kutozingatia masharti ya mawasiliano kwa watu wenye ulemavu ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2018.

Tatizo ni kwamba karibu kila kipengele kati ya hivyo kinapita katika lugha. Manukuu ya chini ya picha yanamfaa kiziwi anayeisoma lugha ya manukuu hayo. Sauti inayosoma menyu inamfaa kipofu anayeielewa sauti hiyo. Mwaka 2022 Forza Horizon 5 iliongezewa wakalimani wa lugha ya alama ya Marekani na ile ya Uingereza. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini kiziwi wa Mbarara aliyesomeshwa kwa Lugha ya Alama ya Uganda anabaki mgeni mbele yake. Orodha za wataalamu huiweka tafsiri katika fungu la masoko na ufikivu katika fungu la haki. Base Camp, ambako Kiswahili ndicho kinachomkutanisha Mkongomani na Mrundi kwenye kibanda cha kuchajisha simu, mgawanyo huo hauna maana. Menyu ya Kiswahili ndiyo ngazi ya kwanza, na nyingine zote huegemea juu yake.

Istilahi yenyewe inadai kuchunguzwa. Menyu za Kiswahili katika simu za Android hutumia neno ufikivu. Kimofolojia, kiambishi -vu huonyesha tabia ya mtenda: msikivu ni yule anayesikia, mvumilivu ni yule anayevumilia. Kwa mantiki hiyo, mfikivu ni mtu mwepesi wa kufika, na ufikivu ni wepesi wake yeye. Neno limeutwika mzigo mgongo wa mchezaji. Ufikikaji, kutokana na fikika, huihamishia sifa kwenye kitu kinachofikiwa: mchezo ndio unaofikika au usiofikika. Neno hilo ni zito mdomoni, na huenda ufikivu umekwisha kuzoeleka kiasi cha kutong'oka. Makala haya nayo yamelitumia. Hata hivyo, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefanya vyema kulijadili kabla halijaganda katika sera.

Eneo hili lina utamaduni wake wa kufikisha, nao haujapewa uzito katika mijadala hii. Katika mabanda ya video ya Uganda, VJ hushika kipaza sauti na kuifafanua filamu ya kigeni kwa Kiganda. VJ Jingo na VJ Junior wamejijengea majina kwa kazi hiyo. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Hutafsiri, hueleza kinachotokea, hutania, na wakati mwingine hupotosha kwa makusudi. Asiyeona aliyeketi katika banda hilo hupata maelezo ya sauti bila mtu yeyote kuyaita hivyo. Ni fundisho kwa wabunifu wa michezo: sauti ya msimulizi mwenye ucheshi, kwa Kiswahili cha Nakivale chenye mchanganyiko wake, ingewafaa wengi kuliko sauti ya mashine. Vivyo hivyo bao, au igisoro kama Wanyarwanda wanavyouita mchezo wa jamii hiyo, huchezeka kwa vidole: mashimo hupapaswa na kete huhesabika bila macho.

Jambo jingine ni umiliki. Mipangilio ya ufikivu hudhani simu moja ina mtu mmoja. Pale simu ya familia inaposhikwa na mikono mingi, maandishi makubwa ya bibi hurudishwa kuwa madogo na mjukuu, na bibi hajui pa kuyatafuta. Mchezo unaomuuliza kila anayeufungua, kwa sauti, jinsi anavyotaka kucheza ungeondoa adha hiyo kwa gharama ndogo.

Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja wazi haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maamuzi haya mawili hushughulikiwa na ofisi tofauti, na mchezaji wa Base Camp amesimama katikati yake. Sauti ya Kiswahili ya kusoma maandishi ipo tayari katika Android na katika programu huria ya eSpeak; kinachokosekana ni michezo inayoiruhusu ifanye kazi, kwa kuwa mingi huchora maandishi yake kama picha ambayo kisoma skrini hakiwezi kuitambua. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina wanafunzi wa kompyuta, na Nakivale ina wasemaji wa Kiswahili wenye ulemavu wanaojua mahali kidole kinapokwama. Mashirika yanayogharimia vifaa vya kidijitali katika makazi yanaweza kuanza na sharti moja la mkataba: programu ya mchezo isipokewe kabla watu hao hawajaijaribu na kulipwa kwa kazi ya kuijaribu.