Dola 7,000 za Nani?

Nilisoma Rebel Without a Crew mwaka ule nilioacha chuo, na nilikipenda vile unavyompenda rafiki anayekuambia unachotaka kusikia. Robert Rodriguez anasimulia alivyotengeneza El Mariachi (1992) huko Ciudad Acuña, Meksiko, kwa takriban dola 7,000. Sehemu ya pesa hizo aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Nikasema, basi, hata mimi naweza.

Mwaka huu nimekirudia, bajeti ya filamu ya rafiki yangu ikiwa mezani. Nimeona mambo mawili.

La kwanza wengi hulipita. Rodriguez hakuandika hadithi kisha akatafuta vitu. Alianza na vilivyokuwepo, yaani basi, baa, mbwa na gitaa, akaandika hadithi inayovitosha. Ratiba ya filamu huanzia hapo. Unaichambua skripti onyesho kwa onyesho: ni wapi, nani yupo, mchana au usiku. Kisha maonyesho ya mahali pamoja unayapiga pamoja, hata kama moja ni la mwanzo na lingine la mwisho. Ukiandika maonyesho kumi ya usiku, ushaandika bili ya taa na teksi kabla hujapata hata shilingi.

La pili linaniuma. Ile 7,000 ilienda zaidi kwa mikanda ya filamu na maabara. Kamera ilikuwa ya kuazima, waigizaji wengi ni watu wa pale mjini. Na nakala iliyofika kwenye sinema, Columbia waliifanyia kazi upya kwa pesa nyingi kuliko hizo. Rodriguez hafichi haya. Ni sisi wasomaji tunaokariri namba na kuruka maelezo.

Mwaka juzi nilibeba nyaya kwenye filamu moja hapa Nairobi. Mwongozaji alikinukuu kitabu hiki kila asubuhi. Bajeti ilikuwa na mstari wa lenzi, hata wa bango. Mstari wa nauli haukuwepo. Siku ya tatu tulimaliza saa saba usiku, mat zimeisha, na dada wa vipodozi akalala kwenye kiti hadi alfajiri. Siku ya nne hakuja. Kovu la mhusika mkuu tukalichora wenyewe, tukalipaka shavu lisilo lake. Mwongozaji aliligundua akiwa kwenye uhariri, na pesa za kurudia hazikuwepo.

Kisome bado. Ni kitabu kizuri, kina njaa ya kweli. Lakini shika penseli, na kila anaposema kitu kilikuwa cha bure, andika pembeni ni nani aliyekilipia.

Kwenye bajeti ya rafiki yangu nimeweka chakula na nauli juu kabisa, kabla ya kamera. Ameniuliza mbona. Nikamwonyesha picha mbili za yule mhusika, kovu upande huu, kovu upande ule. Akakata siku mbili za usiku kwenye ratiba.