Dado, Karata na Fatwa za Haraka

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, katika michezo ya kisasa ya ubao na karata zimeenea rai mbili. Wa kwanza wanasema: kila chenye dado ni nardi, na nardi ni haramu. Wa pili wanasema: pasipo fedha hapana kamari, basi yote ni halali. Sisi tunaona kila upande umeshika nusu ya dalili na kuiacha nusu.

Wa kwanza wana asili madhubuti. Hadithi ya Burayda (R.A.) aliyoipokea Muslim imemfananisha mcheza nardi na aliyetia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe, wala haikutaja dau. Kwa hiyo wanavyuoni walio wengi wakaiharamisha hata bila ya mali. Lakini je, illa ni kile kipande chenye nukta? Imamu Nawawi katika Minhaj ameiharamisha nardi, na sataranji akaiona makuruhu tu. Ibn Hajar al-Haytami na wanavyuoni wengine wa Kishafii wakabainisha kipimo: mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikra hauharamishwi, ule ambao tegemeo lake ni kubahatisha unaharamishwa.

Sasa tuutazame mchezo wa Catan, alioutunga Klaus Teuber huko Ujerumani na kutolewa mwaka 1995. Dado mbili huamua ni ardhi ipi itoe mazao. Lakini wapi ujenge na nani ubadilishane naye mali ni uamuzi wa mchezaji. Carcassonne, uliotoka mwaka 2000, hauna dado kabisa, ila vipande vyake huchukuliwa bila kuonekana. Anayehukumu kwa kuona dado atauharamisha wa kwanza na kuuachia wa pili, hali bahati imo katika yote miwili! Anayejiepusha na dado kwa kuiogopa Hadithi ya Burayda amechukua hadhari, nasi hatumlaumu. Tunalolikataa ni kumwita mwenziwe fasiki katika jambo lenye nafasi ya ijtihadi.

Ama wa pili, wamesahau kuwa kamari haihitaji noti. Nawawi amesema katika sataranji kwamba ikishurutishwa mali kutoka pande mbili, hiyo ni kamari. Amesema mali, hakusema fedha. Karata za Magic: The Gathering, za Richard Garfield, zilipotoka Marekani mwaka 1993, kanuni zake za mwanzo zilimtaka kila mchezaji aweke rehani karata yake moja, na mshindi azichukue zote. Hiyo ni kamari iliyo wazi, hata bila senti moja mezani. Kanuni hiyo iliachwa baadaye, lakini karata bado huuzwa katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue kilichomo, na karata moja adimu huweza kuzidi mara nyingi bei ya pakiti. Wako wanaojibu kuwa hakosi kupata karata. Jawabu hili lina nguvu kwa anayetaka karata za kuchezea tu. Lakini anayefungua pakiti baada ya pakiti akiwinda ile adimu, huyo ameukusudia ule ugharari wenyewe. Na njia ya kutoka ipo: karata moja moja huuzwa pia, kwa bei inayojulikana.

Maimamu wetu, kabla ya kujibu tuulizeni matatu: Je, kuna mali anayoipata mmoja kwa kuikosa mwenziwe? Tegemeo la mchezo ni fikra au bahati? Na je, unazaa yale yaliyotajwa katika Surat al-Maida, aya ya 91, yaani uadui, chuki, na kuzuiliwa na dhikri na Swala? Hili la tatu linaweza kumharamishia mtu hata bao la barazani, akiipitisha Alasiri kwa ajili yake.

Kijana aliyekuja kuuliza akafukuzwa kwa neno moja, harudi tena kuuliza, hata katika mambo ya ndoa na riba. Na aliyehalalishiwa yote bila kuulizwa anacheza nini, huyo tumemwacha mlangoni mwa kamari.

Wallahu aalam.