Kupima Ubora wa Nyenzo za Mtandaoni kwa Mwalimu wa Kiingereza

Ubora wa nyenzo ya kufundishia Kiingereza hujitokeza zaidi katika mazoezi kuliko katika maelezo, kwa kuwa kanuni za sarufi zimekwisha kuelezwa mara nyingi kiasi kwamba hata tovuti dhaifu huweza kuzinakili bila kosa, ilhali kutunga swali linalomlazimu mwanafunzi kufikiri ni kazi ya fundi. Kwa hiyo mwalimu mzoefu huupita ukurasa wa mbele, pamoja na rangi zake na ahadi zake, akaenda moja kwa moja kwenye maswali na majibu.

Kipimo cha kwanza ni chepesi. Ikiwa kifungu kina sentensi "The tiplo sat on the brind", ambayo nomino zake mbili zimebuniwa tu na hazina maana, mwanafunzi akiulizwa "Where did the tiplo sit?" atajibu "On the brind", atapata alama zote, na hatakuwa ameelewa chochote. Mazoezi mengi ya ufahamu yanayotolewa bure mtandaoni hayavuki kiwango hicho: yanapima uwezo wa kunakili. Zoezi bora huuliza sababu, huuliza jambo lililodokezwa bila kutamkwa, au humtaka msomaji aunganishe aya mbili zilizoachana. Katika maswali ya kuchagua, ustadi wa mtunzi huonekana kwenye majibu yasiyo sahihi, kwani kila moja linapaswa kubeba kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli, wala si upuuzi uliowekwa kujaza nafasi.

Makosa hayo hutegemea lugha ambayo mwanafunzi amekwisha kuimudu, na hapa ndipo nyenzo nyingi zenye sifa kubwa hupwaya. Kiswahili hakitenganishi "he" na "she", hakina maneno yanayolingana moja kwa moja na "a" na "the", na irabu zake tano hazimwandai msikilizaji kutofautisha "ship" na "sheep". Kozi iliyotungwa kwa kumfikiria Mfaransa au Mhispania, ambaye lugha yake ina maneno ya aina ya "a" na "the", yaweza kuipitia mada hiyo kwa mazoezi machache, na mwalimu wa Morogoro au Kitui akaachwa ajijazie pengo.

Ngazi inayotajwa juu ya somo nayo huhitaji kusomwa kwa uangalifu. Alama kama A2 hutokana na mfumo wa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Zinaeleza kile ambacho mtu anaweza kufanya kwa lugha, wala hazielezi umri wake au mahitaji yake ya shuleni. Somo la A2 kuhusu kukodi chumba cha hoteli laweza kuwa limetungwa vizuri sana, lakini halimfai sana mtoto wa Kidato cha Kwanza nchini Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, ambaye sasa anatakiwa kueleza kwa Kiingereza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula.

Kwa usikilizaji, mfano wa kuchunguzwa ni matangazo ya Kiingereza chepesi yaliyoanzishwa na Sauti ya Amerika mwaka 1959, yenye msamiati wa msingi wa maneno takriban 1,500 na usomaji wa polepole. Uthabiti wa msamiati huo ni hazina kwa anayeanza, ingawa usemaji wa polepole huondoa mfinyo na mwungano wa maneno ambao ndio humchanganya msikilizaji wa mazungumzo ya kawaida, kwa hiyo mwanafunzi asikae hapo muda mrefu.

Mwisho ni leseni, yaani masharti ya mwenye hakimiliki kuhusu matumizi ya kazi yake, ambayo walimu wengi huyapuuza kwa kudhani kwamba kinachopakuliwa bure ni huru. Miongoni mwa leseni za Creative Commons, yenye herufi BY pekee humtaka mtumiaji amtaje mtunzi tu, wakati ND humzuia kusambaza kazi aliyoibadili. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwalimu anayetaka kurahisisha hadithi, kubadili majina ya wahusika na kuwapa wenzake nakala: akiwa na hadithi za African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini unaotoa hadithi katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, anaruhusiwa kufanya hivyo, ilhali kitabu kizuri zaidi chenye ND kitabaki kusomwa kama kilivyo.