Walter Alichukua Kiangazi

Shida inaanzia kwenye jina la kitabu. We Made a Garden, Margery Fish, 1956. Kiswahili kingesema "Tulitengeneza Bustani", na hiyo "tu-" ndiyo imenisumbua, kwa sababu ukisoma ndani unaona hawa wawili hawakuwa wakitengeneza bustani moja.

Walter Fish, mumewe, aliwahi kuwa mhariri wa Daily Mail. Mwaka wa 1937 walinunua nyumba kuukuu kijijini East Lambrook, Somerset, Uingereza. Walter alitaka nyasi zilizonyolewa, njia safi, na dalia za rangi za kupiga kelele. Vimimea vya mkewe alikuwa akivizika chini ya samadi, akilisha maua yake. Margery anasimulia haya kwa upole, karibu acheke. Mimi sikucheka. Anamshukuru mzee hadi inaudhi, ingawa kwa haki, kuta na njia alizosisitiza Walter ndizo hubaki zikishika bustani maua ya kiangazi yakiisha.

Walter alifariki 1947. Sasa chukua kitabu cha Margery cha 1958, An All the Year Garden, ukisome kando ya kile cha kwanza. Kiangazi kilikuwa cha Walter. Majira ya baridi hayakuwa na mwenyewe, na humo ndimo Margery alijijengea jina: heleboro, na yale maua meupe yanayoinamisha kichwa, ambayo Waingereza huyaita matone ya theluji. Ni mimea ya msituni, ya kuishi miaka mingi, na ujanja wake wote ni saa. Miti ikishapukutisha majani mwanga unafika chini, basi inachanua haraka kabla paa halijafunga tena. Usiku wa barafu kali heleboro hulala chini kabisa, ungesema imekufa. Barafu ikiyeyuka, inainuka. Na zile unazodhani ni petali zake ni sepali, ndiyo maana ua hukaa wiki nyingi bila kupukutika.

Kama umewahi kuishi kwa mtu, yaani kwa shangazi ama kwa jamaa ambaye jina lake ndilo liko kwa risiti ya kodi, hesabu hiyo unaijua. Unatumia jikoni saa ambazo mwenyewe haitumii.

Udhaifu upo. Majina ya Kilatini yanapangwa kama mzigo wa gunia, na msomaji wa Nairobi, ambaye baridi yake ni ya Julai na miti yake haivuliwi nguo, ataruka kurasa. Ruka tu. Margery ni mkali zaidi akiwa amepiga magoti kwenye udongo kuliko akiorodhesha.

Leo watu husafiri hadi East Lambrook mwezi wa Februari kutazama matone ya theluji. Wa kufuata dalia sijamsikia.