Sinema na mahali pasipo hewa

Mtu akitupwa nje ya chombo cha anga pasipo nguo yake ya kujikinga, je, anapasuka? Waulizeni vijana waliozoea sinema, watajibu upesi: ndiyo, anavimba kama mpira uliotiwa pumzi, macho yanatoka, kisha damu inarukia ukutani. Wamejifunza hayo wapi? Si katika somo la fizika. Wameyaona katika filme, na jambo lililoonwa kwa macho ni gumu kuling'oa.

Tuanze na ukweli wenyewe. Hewa inatulemea pande zote, nasi hatuisikii kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Kadiri tunavyopanda juu, mkazo wake unapungua, na maji yanachemka kabla ya kupata moto sana; wenye kupika maharagi milimani wanajua namna yanavyokawia kuiva. Kufika kilometa 19 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwa joto lile lile la mwili wa mtu, yaani digri 37. Kupita hapo mate yanatokota juu ya ulimi, na mwili unavimba. Lakini ngozi ni imara, haipasuki, wala damu haichemki ndani ya mishipa, maana mishipa yenyewe inaibana. Kinachoua ni kukosa oksijeni. Baada ya sekunde 10 mpaka 15 mtu anazimia. Akirudishiwa hewa mapema, kabla ya dakika moja na nusu hivi, aweza kupona. Mwaka 1966, huko Houston, mtu mmoja alikuwa akijaribu nguo ya anga katika chumba kilichoondolewa hewa, na bomba la hewa likachomoka. Alianguka. Jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yake yakichemka. Hewa iliporudishwa akaamka, mzima.

Basi tuzitazame filme. Ile iitwayo Outland, ya Peter Hyams (1981), inaonyesha wachimbaji wa madini katika Io, mmoja wa miezi ya Jupiter. Habari yake ni nzito: mkubwa wa mgodi anaacha wafanyakazi wapewe dawa ya kuwatia nguvu wachimbe zaidi, na dawa hiyo kiisha inawaharibu akili. Wenye kuishi karibu na migodi wataielewa pasipo kufafanuliwa. Lakini mchimbaji akipoteza hewa, mwili wake unavimba na kupasuka mbele yetu. Mtazamaji anatoka nje akizungumza habari ya kupasuka, naye mkubwa mwenye dawa amekwisha kusahauliwa. Kosa hili si la fizika tu. Filme ilitaka kumshtaki mtu, kisha ikayafunika mashtaka yake kwa damu.

Total Recall ya Paul Verhoeven (1990) naisamehe upesi. Huko Mars macho yanatoka kama mayai, kisha hewa inakuja na nyuso zinarudi kuwa kama kwanza. Ni mchezo wa kutisha na kuchekesha, wala haujifanyi kuwa kitu kingine.

Mission to Mars ya Brian De Palma (2000) inataka tuisadiki. Humo mtu anavua kofia yake, na uso wake unaganda mara moja. Kumbe mahali pasipo hewa hapanyang'anyi joto upesi namna hiyo. Termosi inatunza chai moto kwa sababu katikati ya kuta zake mbili pameondolewa hewa! Hata hivyo sitaitupa sehemu hii. Mtu yule anaelea mbali, mkewe anataka kumfuata na kupotea pamoja naye. Anavua kofia ili mke aache kumfuata. Barafu ni ya uwongo, nia ni ya kweli, nayo inabaki moyoni.

Filme inayonisumbua zaidi ni Event Horizon (1997). Kijana amefungiwa penye mlango wa nje, hewa karibu itatoka, naye mkubwa wake anamwambia amwage pumzi yote iliyo katika mapafu. Shauri jema kabisa, kwa maana pumzi iliyozuiwa inayararua mapafu. Mwenye kuandika maneno hayo alikuwa amesoma. Kisha mlango unafunguka, damu inachuruzika machoni, na elimu yote imekwisha.

Miaka mingi mbele yao, Stanley Kubrick alitengeneza 2001: A Space Odyssey (1968). Bowman ameachwa nje pasipo kofia, na mashine inayotawala chombo imekataa kumfungulia. Anajirusha ndani kwa mlango wa hatari. Na hapo sauti yote inakatika. Hakuna muziki, hakuna mlio. Mtu anagongagonga ukutani kimya, anatafuta kwa mkono pa kuvutia, mpaka hewa inaingia na kelele inarudi pamoja nayo. Kubrick amekosa jambo moja, maana mchezaji wake anafunga kinywa na kuzuia pumzi. Lakini amefahamu lililo kubwa: hatari hii haina sauti, na kazi ya mtu ni kutumia zile sekunde chache akili ingali yake.

Twajua kifo hicho kilivyo. Tarehe 30 Juni 1971, Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev walikuwa wakirudi duniani katika Soyuz 11, nyuma ya siku 23 za safari. Kwenye kilometa 168 juu, sehemu za chombo zilipoachana, kifuniko kidogo cha hewa kilifunguka kabla ya wakati wake. Hawakuvaa nguo za anga, kwa maana chumba kilikuwa kidogo mno kwa watatu waliozivaa. Chombo chao kikashuka vizuri kwa mwavuli katika Kazakhstan. Waliokuja kuwapokea walifungua mlango, wakawakuta wameketi katika viti vyao, wamekufa. Hewa karibu yote ilikuwa imetoka kwa muda usiotimia dakika mbili. Kifuniko kile kiliweza kufungwa kwa mkono, lakini kazi hiyo ilitaka dakika nzima hivi. Kilionekana kimefungwa nusu.